Nafuma usiku na mchana hela siioni, niache kroshia nihamie kwenye shanga?

Swali: Habari dada, mi naishi Tanga, nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili na mdogo ana mwaka na miezi mitatu. Nafuma vitambaa vya makochi na vya meza kwa kroshia. Seti moja inanila uzi wa elfu 14 nauza elfu 30 na bado watu wanasema ghali. Mume wangu analalamika nyuzi zimejaa nyumba nzima na faida haionekani. Shoga yangu anauza hereni na bangili za shanga anasema zinatoka haraka, nataka niache kufuma nianze shanga. Alafu siku hizi kidole gumba cha kulia kinaniuma sana hadi kwenye kifundo cha mkono. Na hapa nilipo nishapokea oda ya seti nzima ya bibi harusi. Nishauri.

Jibu:

Asante mdogo wangu kwa kuandika na namba kabisa, maana wengi wanasema tu biashara hailipi, hawasemi uzi shingapi wala wanauzaje, sasa mtu unashindwa uanzie wapi. Jibu langu kwa kifupi ni usiache kroshia, badilisha unachofuma, na shanga ziingie polepole tena kwa masharti kwa sababu ya huyo mtoto wako mdogo. Ila naanza na kidole kwanza, kwasababu hata nikupangie biashara nzuri namna gani, mkono ukigoma yote hayo yanalala.

Maumivu ya upande wa kidole gumba yanayopanda hadi kwenye kifundo cha mkono ni ya kawaida sana kwa mama mwenye mtoto mchanga au anayebebwa bado. Hospitali wanayaita De Quervain. Kano zinazovuta kidole gumba zinapita kwenye njia nyembamba pale kwenye kifundo, ile ala yake ikivimba basi kila ukinyanyua kitu unasikia kama unachomwa. Jaribu hivi, kunja kidole gumba ndani ya ngumi alafu inamisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo, ukisikia maumivu makali pale pembeni ya kifundo nenda kaonwe hospitali usisubiri, mara nyingi wanaanza na kifaa cha kukishika kidole kitulie na dawa ya maumivu na wengi wanapona bila makubwa. Wewe unailaumu kroshia peke yake lakini kinachochokoza zaidi mara nyingi ni ule unyanyuaji wa mtoto kwa kumshika makwapani vidole gumba vimechanuka. Mnyanyue kwa kupitisha mkono chini ya makalio na mwingine mgongoni, viganja vikiangalia juu, uzito uende kwenye mikono sio kwenye kidole. Ukimbeba mgongoni kwa kanga ndo vizuri zaidi.

Kroshia nayo ina sehemu yake. Vitambaa vya makochi vinafumwa kwa uzi mwembamba wa pamba na kroshia ya chuma, yaani ile sindano yenyewe yenye ndoano, ambayo unene wake haufiki hata milimita 2, kitu chembamba kama hicho unakibana kwa nguvu saa nzima bila kujijua, na uzi wa pamba hauvutiki kwahiyo kila tundu mkono ndo unafanya kazi yote. Ukihamia kwenye uzi mnene kidogo na kroshia ya milimita 4 au 5 mkono unapumua, alafu kitu kinakua haraka. Hapo ndo kidole chako na biashara yako vinapokutana, twende sasa kwenye hela.

Umenipa bei ya uzi na bei ya kuuzia ila masaa hujaniandikia, na hicho ndo kitu kilichokosekana kwenye hesabu yako yote. Seti ya vitambaa vya makochi kwa uzi mwembamba, tuseme inakuchukua masaa 40 tu, na kwa mama anayeitwa na mtoto kila dakika kumi inaweza kuzidi. Elfu 30 toa elfu 14 inabaki elfu 16, gawa kwa 40, ni shilingi 400 kwa saa. Hapo sijatoa nauli ya kwenda Ngamiani kufuata uzi, bando la kupost, mfuko wa kufungia. Kwahiyo mume wako anaposema faida haionekani anasema kweli, ila sio kwamba kazi yako haina thamani, ni kwamba umechagua kitu kinachokula masaa mengi kikauzwa kwa mteja anayekilinganisha na lesi ya mashine.

Hili la mashine nataka ulielewe vizuri mdogo wangu. Kufuma kwa sindano mbili kuna mashine zake tangu zamani, sweta za shule nyingi ni za mashine. Kroshia yenyewe hasa bado hufanywa kwa mkono, mashine zinatoa vitu vinavyofanana nayo kwa mbali lakini ukigeuza ukaangalia matundu unaona sio yenyewe. Vile vitambaa vya meza vya bei chee vinavyojaa Kariakoo ni lesi ya kiwandani. Mteja wa kawaida akiona kitambaa cheupe chenye matundu hatofautishi, anaona vyote ni kitambaa cha kochi, na wewe huwezi kushindana na kiwanda kwa bei hata ukifuma bila kulala. Lakini kofia ya mtoto, pochi ya kubeba simu, mkoba wa kwenda ufukweni, topu ya binti, viatu vya kufuma vya mtoto na kofia yake, hapo mkono unaonekana wazi na mteja anajua ni kazi ya mtu, halafu anaweza kusema nataka rangi hii na saizi hii, kitu ambacho kiwanda hakimpi.

Kingine, kroshia imekaa kama imetengenezwa kwa ajili ya mama mwenye mtoto. Kwenye sindano mbili unakuwa na matundu mengi yote yako wazi kwenye sindano, mtoto akivuta yanachomoka mstari mzima. Kwenye kroshia tundu lililo wazi ni moja tu. Mtoto akilia unachomeka pini ya kufungia nepi kwenye lile tundu, unaweka chini, unaondoka, hata ukirudi kesho liko pale pale. Kwahiyo chagua kazi ya vipande vidogo vidogo vinavyoisha haraka, mfano vile vya mraba vinavyounganishwa kuwa mkoba au shuka la mtoto, unamaliza kimoja wakati mtoto amelala mchana na hakuna cha kukumbuka ulikuwa mstari wa ngapi. Ireland miaka ya 1840 viazi vilipougua na njaa ikapiga nchi, familia nyingi zilijishikiza kwa lesi ya kroshia, na walifanya hivi hivi, huyu anafuma maua tu, yule majani tu, mwingine kazi yake kuunganisha. Na wewe kama una mdogo wako au jirani anayejua kufuma, oda ikiwa kubwa mgawane vipande, ila mtumie kroshia zenye namba ileile na mkazo uwe unafanana, la sivyo vipande havitalingana.

Bei sasa. Chukua uzi uliotumika kweli, ongeza gharama ndogo ndogo, ongeza masaa yako mara kiasi cha saa ambacho wewe mwenyewe umekubali, usikisie, weka saa ya simu kila ukikaa na ukiinuka izime. Tuseme umejipangia 1,500 kwa saa. Kofia ya mtoto ya masaa 3 na uzi wa 3,000 na mfuko na mengineyo 500, ni 8,000. Ukiona mtaani kwenu haiuziki kwa hiyo bei usikimbilie kupunguza saa yako, tafuta muundo rahisi zaidi wa masaa 2. Wafumaji wengi wanapokosea ni hapo, wanapunguza malipo yao wakati walitakiwa kupunguza mapambo. Na mwenye duka akikuomba umuachie mzigo mali kauli, anza na vipande viwili vitatu, andikeni kwenye karatasi bei yako na siku ya kulipana, mpaka umuone analipaje.

Kwenye uzi, Tanga kuna joto na unyevu, nguo ya kuvaa fuma kwa pamba, akriliki inahifadhi joto ila kwa mikoba na mapambo haina shida na rangi zake zinadumu. Muuzaji akikwambia ni pamba tupu, kata kipande kidogo uchome nje, pamba inaungua na kubaki jivu laini lenye harufu ya karatasi, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Akriliki usiipige pasi ya moto, inalala na hairudi tena. Vitambaa vyako vya zamani vya kusimama kama una tabia ya kuviloweka kwenye maji ya sukari viwe vigumu, hamia wanga wa muhogo, sukari inaita sisimizi. Na ukijifunza mitindo YouTube angalia mwalimu ni wa wapi, Mmarekani akisema singo kroshia Muingereza anaiita dabo kroshia, na dabo ya Mmarekani ndo trebo ya Muingereza, watu wanafumua kazi nzima wakidhani wamekosea kuhesabu kumbe ni majina tu.

Shanga. Sikukatazi, shoga yako anasema kweli hereni zinatoka haraka, hereni moja ya kawaida ni dakika chache na mtaji wake mdogo. Ila wanaotengeneza ni wengi na kuigana ni rahisi sana, leo umetoa mtindo kesho jirani anao. Mi ningekushauri uchanganye, hereni za kroshia ndogo zenye shanga chache pembeni, au pochi ya kroshia yenye mkono wa shanga, hapo unatumia ujuzi ambao tayari unao na shoga yako hana.

Lakini mtoto wa mwaka na miezi mitatu kila kitu kinaenda mdomoni, na hapa naongea kwa msisitizo kabisa. Vipimo vya usalama vya midoli Ulaya na Marekani vinatumia kichupa chenye tundu la upana wa milimita 31.7, kitu chochote kinachoingia mle kinahesabiwa kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Shanga za hereni na bangili zinaingia, vifungo vinaingia, ndoano za hereni zinaingia. Kwahiyo shanga zifanyie kazi akiwa amelala tu, mezani, juu ya taulo ili zisidunde na kuviringika, na ukimaliza ziende kwenye chombo chenye mfuniko wa kuzungusha kabatini juu. Alafu zima taa, washa tochi ya simu uilaze sakafuni, mwanga ukipita chini chini kila shanga iliyodondoka inang'aa utaiona. Usitegemee ufagio peke yake. Kama nyumba yenu haina sehemu ya kufungia kitu mbali na mtoto, subiri akue kwanza, kroshia itakutosha kwa sasa.

Na oda za watoto wachanga zitakuja, zina mambo yake. Kwetu pwani tumezoea kumvisha mtoto shanga kiunoni au mkononi na sisemi mila ziachwe, ila cha shingoni mimi sifungi na nakuomba usifunge hata mteja akibembeleza. Desemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mikufu na bangili za watoto wanaoota meno baada ya kupata taarifa za watoto kukabwa na kunyongwa, ikiwemo mtoto wa miezi 18 aliyefariki akiwa amelala na mkufu wa shanga shingoni. Soksi na viatu vya kufuma vya mtoto vigeuze ndani nje kabla hujauza, kata na ufiche kila uzi unaoning'inia, uzi au unywele ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unakata damu na mtoto analia tu, mama hajui analia nini. Mwambie na mteja, mtoto akilia bila sababu vua soksi angalia vidole. Macho ya midoli yadarizi kwa uzi, usibandike vifungo. Shuka la mtoto lisiwe na matundu makubwa ya kupitisha kidole.

Kwenye hereni za watu wazima tatizo ni ndoano. Zile za bei rahisi zina nikeli, na nikeli ndo inawafanya wengi masikio yawashe na kutoa maji maji, Ulaya mwaka 1994 walipitisha kanuni za kuibana kwenye hereni na vitu vinavyogusa ngozi. Nunua ndoano za chuma cha stenilesi, zinazidi bei kidogo lakini mteja anarudi. Nenda dukani na sumaku ndogo, ndoano ikivutwa kwa nguvu ina chuma cha kawaida ndani, na kwa hewa ya bahari hapo Tanga itaota kutu mapema. Sumaku haikwambii kama kuna nikeli, kwahiyo mteja anayesema masikio yake ni mepesi muulize kwanza anavaaga nini bila shida. Bangili za elastiki uivute vute kabla ya kutunga, la sivyo baada ya wiki inalegea na shanga zinaonyesha mapengo, na mshipi wa kuvulia samaki usitumie kwa kiunoni, unakakamaa na kukatika.

Sasa nyumbani. Mume wako ana malalamiko mawili tofauti, usiyajibu kama moja. La nyuzi kujaa nyumba nzima linatibika leo, tenga ndoo moja yenye mfuniko au begi moja la zipu, sheria ikawa kazi zilizo wazi zisizidi mbili, hii itakusaidia hata wewe kumaliza vitu. Hili ni la mtoto pia, mkasi na kroshia ya chuma visiwe kwenye kochi. La faida usibishane nalo kwa maneno. Daftari, kurasa mbili tu, upande huu kilichoingia upande huu kilichotoka pamoja na masaa, alafu mwisho wa mwezi ukae nae umuonyeshe, hata kama mwezi wa kwanza ni mbaya muonyeshe hivyo hivyo, na umwambie umebadilisha nini kwa mwezi ujao. Mwanaume anayeona daftari anaanza mwenyewe kuuliza ile oda ya yule mama imelipwa? Hela ya uzi iweke kwenye laini nyingine ya simu usichanganye na ya matumizi, maana ikikaa pamoja inageuka mboga, na sio kosa la mtu, njaa ya leo inashinda uzi wa kesho. Huyo wa darasa la pili naye anaweza kushika kroshia nene na uzi mnene akajifunza kupiga cheni, wa kiume au wa kike haijalishi, utulivu na kuhesabu vinamfaa, ila iwe mchezo wake asifanywe mfanyakazi.

Ndugu wakija na bei ya undugu, ushauri wangu ni mmoja, au umpe zawadi bure kwa moyo wote au akulipe bei kamili. Nusu bei inaacha wote na kinyongo, yeye anaona amekununulia, wewe unaona amekudhulumu. Panga kabisa kwa mwaka utatoa zawadi ngapi, aliyejifungua, anayeolewa, mama mkwe, zikiisha zimeisha.

Ile oda ya bibi harusi, kama mlishakubaliana bei na alishatoa kianzio imalize kwa bei hiyo hiyo, usimpandishie katikati. Kama hajatoa kitu na hujaanza, mpigie leo, mwambie bei mpya na kwanini, na nusu itangulie ndo uzi ununuliwe. Uzi wote nunua siku moja na uangalie namba ya loti, yaani fungu lililotiwa rangi pamoja, kwenye lebo ya kila kibonge, cheupe cha loti hii na cheupe cha loti ile ukiviweka kwenye kochi moja mchana vinatofautiana, na kwenye picha za sebule ya maharusi itaonekana zaidi. Nunua na kibonge kimoja cha ziada, muulize muuzaji kabla kama atakubali kukirudisha kikiwa hakijafunguliwa. Alafu hesabu siku zilizobaki, toa siku mbili za kufua, kuweka wanga na kukausha, gawa vipande kwa siku zinazobaki, ukiona kwa siku unatakiwa ufume zaidi ya masaa mawili na kidole chako kilivyo, tafuta mtu wa kumgawia vipande vya mikono ya makochi mapema, usisubiri wiki ya mwisho.